Nyasi za Upande wa Kushoto

Mashine ya kukata nyasi iliyomo ghalani mwangu ilinunuliwa kwa bonasi ya chai, na aliyeinunua si mimi. Aliinunua mke wangu, mwaka ambao chai ilifanya vizuri, wakati wanawake wenzake wa kituo cha kupimia majani walikuwa wakirudi nyumbani na mabati, magodoro na mitungi ya gesi. Yeye alishuka katika pikapu ya kukodi akiwa na kitu chekundu chenye magurudumu manne na mpini mrefu. Jirani yetu, mwanamke mjane ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuja hadi kwenye ua kukitazama.

"Sasa ng'ombe wako atakula nini?" akamwuliza. "Petroli?"

"Atakula nyasi zilizokwisha kukatwa," mke wangu akajibu, "kama mgonjwa anayeletewa chakula kitandani."

Habari hiyo ilizunguka Nyaramba nzima kabla ya jua kutua, na ilipomaliza kuzunguka ilikuwa imegeuka. Ilisemekana kwamba mimi ndiye niliyemshurutisha kuinunua, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi mjini na nilitaka boma langu lifanane na la hakimu. Sikujisumbua kuikanusha. Nilikuwa mkalimani wa mahakama mjini Kisii katika umri wangu wote wa kazi. Kazi yangu ilikuwa kuyachukua maneno ya shahidi kutoka Ekegusii, lugha yetu, na kuyatia katika Kiswahili au Kiingereza bila kuyaongezea wala kuyapunguza. Nimewasikia mashahidi wengi wakianza kwa neno "wanasema", nami nimewaona mahakimu wakiweka kalamu chini. Neno la kusikia si ushahidi. Kanuni hiyo nilirudi nayo nyumbani kila jioni pamoja na mwavuli wangu, na wanangu walikua nayo. Mtoto aliyeniletea habari kwamba fulani kaiba mahindi aliulizwa swali moja: uliona? Kama hakuona, alirudi alikotoka.

Nyasi zenyewe alizipanda mke wangu kwa mkono wake. Aliomba vikonyo kutoka kwenye uwanja wa kanisa, akavichomeka kimoja kimoja mbele ya nyumba na pande zake mbili, akivikanyaga kwa kisigino. Kabla ya mashine, zilikuwa zikifyekwa kwa slasha, lile fyekeo la mkono, na matokeo yake hayakumpendeza hata siku moja. Alikuwa akisema nyasi za slasha ni kama kichwa kilichonyolewa na mlevi.

Mashine ilipokuja tuligawana kazi. Yeye aliisukuma, mimi niliitunza. Siku yake ilikuwa Ijumaa, kwa kuwa sisi ni Wasabato na boma hutakiwa liwe limetulia kabla jua halijazama. Siku yangu kwa hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na kitabu cha maelezo kilichokuja na mashine, na nilikisoma kwa namna niliyozoea kusoma hati za mashtaka, mstari kwa mstari. Jambo la kwanza ni kuichomoa kofia ya plagi, ili injini isiweze kuwaka mkono ukiwa karibu na kisu. Wapo wanaosema hilo ni woga. Mimi nimewahi kutafsiri maneno ya mtu aliyekatwa vidole na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Kisha nililaza mashine ubavu, upande wa kabureta ukiwa juu, mafuta yasije yakaingia pasipo pake. Nilikwangua nyasi zilizogandamana chini yake. Nilifungua kisu, nikakinoa kwa tupa, na mwisho nikakitundika kwenye msumari kwa lile tundu la katikati. Kisu kilichonolewa sawasawa hukaa mlalo. Kikiinama upande mmoja, upande huo ni mzito, na lazima upunguzwe, la sivyo injini itatetemeka hadi ijivunje yenyewe.

Wakati huo wote yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda kando yangu akimenya ndizi za kupika. Tuliishi pamoja miaka mingi, na kama ningeulizwa chini ya kiapo ni lini tulizungumza zaidi, ningejibu kwamba ni Alhamisi, masalia ya nyasi yakiwa mikononi mwangu na utomvu wa ndizi mikononi mwake.

Alhamisi moja, kisu kikiwa msumarini kikiyumba polepole, alisema, "Mimi mkinizika msiniwekee saruji."

Nilimtazama. Alikuwa bado mzima, au sote tulidhani hivyo.

"Vigae vile wanavyoweka siku hizi," akaendelea, "na kipaa cha mabati juu, kama kibanda cha kuuzia simu. Mimi sitaki. Nataka nyasi zangu."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nimekuambia wewe."

"Jambo kama hilo huhitaji shahidi."

"Wewe hutoshi?" akasema, akaendelea kumenya.

Hakulirudia tena. Hakulirudia hata alipolazwa hospitalini mjini Kisii, wala alipoletwa nyumbani mara ya mwisho akiwa hawezi kukaa kigodani. Tulizungumza mambo mengine. Alitaka kujua kama majani ya chai yamechumwa, na kama ng'ombe amezaa.

Kwetu mtu hazikwi mbali na mlango wake. Ukisimama mlangoni ukitazama nje, mume huzikwa upande wa mkono wa kulia, mke upande wa kushoto. Mwanamume wa kwetu akifungua mlango asubuhi hupaona mahali pake, na amekwisha kupazoea. Mahali pasipozoeleka ni pale pa kushoto. Tulimzika huko, katikati ya nyasi alizozipanda, na mahema matatu ya waombolezaji yalisimikwa juu ya nyasi hizo kwa vigingi vya chuma. Kesho yake wenye mahema walikuja, wakang'oa vigingi, wakakunja turubai zao, wakaenda kwenye msiba mwingine.

Udongo wa kaburi ulikuwa mwekundu na mrefu. Uliponywea kwa mvua niliusawazisha, nikaongeza mwingine, nikachomeka vikonyo vya nyasi kama alivyokuwa akifanya, nikavikanyaga kwa kisigino. Sikuwa na hakika kama mtu hukanyaga mahali kama hapo. Nilikanyaga.

Nyasi zilipokwisha kurefuka nilitoa mashine ghalani. Nilikuwa naijua kila bolti yake, lakini nilikuwa sijawahi kuisukuma. Nilienda nayo kama mtu anayesukuma kitanda cha hospitali, nikiwa nimeegemea mpini kwa uzito wangu wote. Sikufika mbali. Mbele ya dirisha la jikoni palisikika mlio wa chuma kwa chuma, mpini ukanipiga kifuani, na injini ikazima papo hapo.

Kilikuwa kigingi cha hema. Kilikuwa kimepigiliwa hadi kichwa chake kikalingana na ardhi, na wenyewe hawakukiona walipokuwa wakikusanya vyao. Naamini nusu ya maboma ya Nyamira yana chuma kama hicho ardhini, kwa jinsi tunavyozika. Nilikichimbua kwa jembe. Nilijaribu kuwasha tena. Kamba ya kuwashia ilivutika kwa nguvu kurudi ndani, ikanitegua kifundo cha mkono, na injini ikatema moshi kupitia mahali inapovutia hewa. Nikairudisha ghalani, nikafunga mlango.

Masika yakaingia. Anayeijua Nyamira anajua kwamba mvua ya kwetu haina haja ya kuombwa. Nyasi zilifika goti. Nilimlipa mtu azifyeke, naye alizifyeka kwa slasha, kukawa na mabaka ya njano na mabaka ya kijani, na muda si muda zikasimama tena. Upande wa kushoto ulifanana na ukingo wa barabara. Hapakuwa na alama ya kuonyesha kwamba kuna mtu.

Mwanangu mkubwa ni mhasibu katika ofisi moja mjini Kisii. Alikuja Jumapili moja na lori dogo, akashusha vigae vya rangi ya kijivu na mifuko ya saruji, akavipanga nyuma ya jikoni na kuvifunika kwa nailoni. Kisha akaja kuketi nami barazani.

"Tata," akasema, kwa maana ndivyo sisi tunavyomwita baba, "kina mjomba wanakuja kwa kumbukumbu ya mama. Nimesema na mwashi. Tukishamaliza ibada, Jumatatu ataanza."

"Ataanza nini?"

"Kaburi. Hatuwezi kuwaita watu waje waombe katikati ya magugu. Watasema tumemtupa dada yao."

"Mama yako hakutaka saruji."

"Alisema lini?"

"Kabla hajaugua. Alisema anataka nyasi zake."

"Nani mwingine alimsikia?"

"Hakuna."

"Na yeye hayupo wa kuulizwa."

"Hayupo."

Mwanangu si mtu wa dharau. Alisema kwa upole, akitazama viatu vyake. "Tata, sikatai. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha. Mtu asiyekuwapo, maneno yake yakiletwa na mwingine, tunayaitaje?"

Nimekaa katika vyumba vya mahakama na kuwaona mawakili wakipigwa kwa fimbo waliyoichonga wenyewe, na nilikuwa nikidhani wanastahili. Alikuwa amejifunza vizuri. Nilichokuwa nacho ni neno nililolisikia mimi peke yangu, kando ya kisu kilichotundikwa kwenye msumari, na kama lingeletwa mbele yangu na mtu mwingine yeyote ningelirudisha lilikotoka.

"Shida yako ni saruji au ni magugu?" nikamwuliza mwishowe.

"Ni magugu. Ni aibu."

"Basi kabla wajomba zako hawajaja, hapatakuwa na magugu. Ukipakuta ni mahali pa heshima, utavirudisha vigae vyako."

Alitazama upande ule. "Kwa slasha?"

"Kwa mashine ya mama yako."

"Imekufa, Tata. Kila mtu anasema imekufa."

"Kila mtu hajaifungua," nikasema.

Tulikubaliana hivyo. Alikuwa aje Ijumaa ya wiki ya kumbukumbu, kabla jua halijazama, na atakachokikuta ndicho kitakachoamua.

Nilipoitoa mashine ghalani mjane wa jirani alikuja uani, akaweka mikono juu ya mti wa ua kama ilivyo desturi yake.

"Omogaka," akasema, kwa heshima tunayompa mzee, "mbona unajichosha? Wanasema mashine imemfuata mwenyewe."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Omogaka, watu ni watu. Unataka niwalete wote waape?"

"Mmoja tu angetosha."

"Basi ni mimi," akasema. "Na mimi nilisikia sokoni." Akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefika upande wa kushoto wa nyumba. Walikuwa wakichuma chai pamoja, yeye na mke wangu, kila mmoja upande wake wa mpaka.

Waliosema kwamba mashine haikumfuata mtu walisema ni kabureta. Alisema hivyo mzee wa kanisa. Alisema hivyo dereva wa lori la maziwa bila kushuka. Niliona kwamba katika nchi hii kabureta ni kama uchawi: hutajwa na watu ambao hawajakiona kilichotokea. Nikaamua kuiuliza mashine yenyewe, swali moja baada ya jingine.

Nilimwaga petroli ya zamani, ambayo ilikuwa imeanza kunuka kama rangi iliyochacha, nikatia mpya. Nilitoa kichujio cha hewa, nikakikung'uta, nikaona mwanga ukipita ndani yake. Nilifungua plagi, ilikuwa imelowa, maana yake mafuta yalikuwa yakifika na kabureta haikuwa na hatia. Niliigusisha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, nikavuta kamba, na cheche ya buluu ikaruka. Nikaweka kidole gumba juu ya tundu la plagi, nikavuta tena. Pumzi ikakisukuma kidole. Hewa ilikuwapo, mafuta yalikuwapo, moto ulikuwapo, nguvu ilikuwapo. Mashahidi wote walikuwa wamefika na bado kesi haikusimama.

Nikaketi kwenye kigoda. Ndipo nilipokumbuka jinsi kamba ilivyonitegua mkono. Injini isiyo na moto haina nguvu ya kumpokonya mtu kamba. Hii ilikuwa na moto, ila moto wake ulikuja wakati usio wake. Nilifungua kitabu cha maelezo, nikapata ukurasa unaohusu kisu kilichogonga kitu kigumu. Juu ya injini kuna gurudumu zito lenye sumaku, ndilo linaloamua cheche iruke lini. Gurudumu hilo hushikwa kwenye mhimili, ule unaozungusha kisu, na kipande kidogo cha madini laini, ambacho mafundi hukiita kii. Kisu kikigonga jiwe, gurudumu hutaka kuendelea kuzunguka, na kile kipande hukatika.

Sikuwa na kifaa cha kulitoa gurudumu hilo, na mikono yangu haina tena nguvu ya kupambana na nati iliyokaza. Nikampigia fundi wa pikipiki wa Nyaramba. Alikuja amevaa kofia ya pamba ingawa kulikuwa na jua, akainama juu ya mashine na kuinusa.

"Mzee, hii ni kabureta."

"Si kabureta."

"Nimeziona nyingi, mzee. Zote ni kabureta."

"Uliifungua hii?"

"Hii bado."

"Basi fungua ninapokuambia. Nikikosea nitakulipa na utanicheka."

"Kukucheka ni bure," akasema, akashika spana.

Gurudumu lilipochomoka alilipindua mara moja, akapiga mluzi. Mfereji wa kwenye mhimili na ule wa kwenye gurudumu, ambayo ilipasa itazamane, ilikuwa imepishana kwa upana wa punje ya mtama. Kii ilikuwa imekatwa karibu katikati, nusu moja imesogea kando ya nyingine.

"Mzee umenishinda," akasema. "Lakini usijali. Hapa nina msumari wa chuma kigumu. Nitausugua uingie hapo, na nakuapia huu hautakatika tena maisha."

"Na nikigonga kigingi kingine?"

"Hautakatika."

"Kitakatika nini?"

Alifikiri. Alianza kutabasamu kabla hajajibu. "Mhimili," akasema. "Labda na injini."

"Kwa hiyo hatutaki usiokatika."

Aliniachia kile kipande kilichokatika. Nilikaa nacho kiganjani muda mrefu baada ya pikipiki yake kuondoka. Kilikuwa kidogo kuliko jino la mtoto. Kiliwekwa kikatike ili kilicho kikubwa kisivunjike, na kwa kuwa kilikaa ndani hakuna aliyekiona hadi siku kilipokatika. Katika nyumba yangu nilimjua aliyekuwa na kazi hiyo. Wanangu wakigombana nami, na waligombana nami mara nyingi, ni mama yao aliyekuwa akienda huku na kurudi huku, mpaka tukasameheana bila yeyote kati yetu kujua nani alianza.

Kesho yake nilipanda gari hadi Kisii, nikazunguka maduka yanayouza vipuri vya misumeno ya mnyororo na pampu za maji, nikiwa na nusu mbili za kii ndani ya bahasha. Katika maduka mengi waliniambia hakuna, wakaongeza kwamba ni kabureta. Duka la mwisho, mwanamke mmoja alizichukua, akazipima kwenye kucha yake, akafungua mkebe na kunipa mpya. Nilinunua na ya akiba.

Fundi alirudi na kulifunga gurudumu kama kitabu kilivyoagiza. Kisu nilikinoa mwenyewe, kwa sababu kigingi kilikuwa kimekimega ncha. Nilikitundika kwenye msumari uleule. Kiliinama upande mmoja, nikapunguza. Kikainama upande wa pili, nikapunguza. Hakukuwa na mtu wa kuniambia, "Sasa basi, utakimaliza chote." Kilipokaa mlalo nilibaki nikikitazama, na jua likasogea ukutani.

Ijumaa hiyo mvua ya usiku ilikuwa imelowesha nyasi, na nyasi mbichi zenye maji huziba mashine. Nilingoja hadi adhuhuri, nikiliangalia wingu la upande wa vilima vya Manga. Kisha nikaandaa mafuta, nikarudisha kofia ya plagi, nikaibana kwenye mpini ile fimbo ya usalama ambayo ukiiachia injini huzima, nikavuta kamba. Ilikohoa. Nilivuta tena, ikawaka.

Sikuwa nimejiandaa kwa sauti ile. Kwa miaka yote hiyo, sauti ile ilikuwa na maana moja: ni Ijumaa, na mke wangu yuko nje. Ng'ombe aliinua kichwa. Akaja hadi kwenye ua wa zizi, akaupenyeza mdomo kati ya fito, kwa maana kwake sauti ile ilikuwa wito wa kuletewa nyasi. Alitazama nyuma yangu, upande ambao mke wangu alikuwa akitokea na kapu. Mjane naye alikuwa amesimama kwenye mpaka. Alifuta uso kwa ncha ya leso yake, akarudi kwenye chai.

Nilikata. Nyasi ndefu hazikatwi zote kwa mara moja. Kando ya gurudumu la nyuma kuna wenzo unaopandisha na kushusha mashine yote; nilianza kwa kipimo cha juu kabisa, nikapita uwanja mzima, nikapumzika, nikashusha, nikapita tena. Nilikata mbele ya nyumba. Nilikata upande wa kulia, juu ya mahali pangu, bila kufikiri lolote. Kisha nikafika upande wa kushoto.

Udongo ulikuwa umekwisha kutulia. Vikonyo nilivyochomeka vilikuwa vimeshikana na nyasi za zamani, na hapakuwa na kilima wala bonde. Nilipita juu yake na mashine haikuyumba. Nilipogeuka na kutazama nyuma, nilizima injini.

Hapakuwa na kitu. Zilikuwa nyasi tu, laini, sawasawa, kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye migomba, jinsi alivyokuwa akizipenda. Nilikuwa nimelitimiza neno lake hata nikamfuta. Mtu mwingine yeyote angepita hapo na kapu lake la majani. Niliyejua alipo ni mimi peke yangu, kwa kuhesabu kutoka kona ya dirisha, na mimi ni mzee.

Nilisimama hapo hadi wingu la Manga lilipoanza kuziba jua. Kisha niliwasha tena. Niliushusha wenzo kwa kipimo kimoja, nikaukata uwanja wote upya, na kila nilipofika mahali pake nilisimama, nikaupandisha wenzo, nikapita, nikaushusha upande wa pili. Ilinichukua muda mrefu, na mgongo ulinilalamikia. Nilipomaliza, palikuwa na umbo la kitanda ambapo nyasi zilisimama juu kidogo kuliko zingine, kiasi cha unene wa kidole. Usingeliona ukiwa umesimama karibu. Lilionekana kwa mbali, jua likiwa chini, kwa kivuli chake chembamba.

Mwanangu alifika jua likiwa bado juu ya migomba. Aliacha gari langoni, akaja kwa miguu akitazama huku na huku.

"Ni wewe umekata?"

"Ni mimi."

"Peke yako?" Alitembea mbele ya nyumba, akazunguka upande wa kushoto, akasimama. "Pamependeza. Pamekuwa kama zamani." Akageuza kichwa. "Lakini, Tata, ni wapi hasa?"

"Umesimama juu ya miguu yake."

Aliruka nyuma. Nilimwita aje nilipokuwa, barazani, nikamwambia atazame kutoka hapo. Alitazama muda. Nilijua alipoliona umbo lile kwa sababu alivua kofia.

"Nyasi zikikua," akasema baadaye, "hiyo alama itapotea."

"Ndani ya siku chache. Ikinyesha, zote hulingana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila Ijumaa."

"Na wewe ukiondoka? Nani atajua?"

"Wewe."

"Mimi nitakuwa nimesikia kwako tu, Tata."

"Ndiyo," nikasema. "Umesikia kwangu. Nami nilisikia kwake."

Mwanangu alikwenda nyuma ya jikoni, akaifunua ile nailoni, akaanza kubeba vigae kwenda kwenye gari, vichache vichache, akiwa na haraka kwa sababu Sabato ilikuwa inakaribia. Mifuko ya saruji ilimshinda, akaiacha kwa siku nyingine. Jumapili kina mjomba wake walikuja, wakaomba, wakasema pamependeza. Mmoja wao aliuliza kaburi liko wapi, na mwanangu akamshika mkono akampeleka.

Tangu hapo nimekuwa nikikata kila Ijumaa ambayo mvua inaniruhusu. Alhamisi naitengeneza mashine. Kii ya akiba ninaiweka ndani ya kopo la sukari la mke wangu, ambamo hakuna sukari tena. Mwanangu huja mara nyingine, na akija husukuma yeye, nami hukaa kwenye kigoda. Mara moja alipita mahali pale bila kuupandisha wenzo, akaendelea hadi kwenye migomba, akageuka, akasimama akipatazama. Kama atakumbuka nitakapokuwa upande wa kulia, hilo ni jambo nisiloweza kulithibitisha, na nimeliacha bila kuliuliza.